Haramia na Mkono wa Sheria

Naandika haya nikiwa Ubungo, upande wa Dar es Salaam usio na ufukwe. Huku bahari hutufikia kwa maneno, na mojawapo ni haramia, neno la asili ya Kiarabu, la shina moja na haramu. Tunalitamka kwa wepesi. Mahakamani lina uzito mwingine. Haramia akikamatwa mbali na pwani ya nchi yoyote, nani mwenye haki ya kumhukumu?

Swali hilo lilitua Mombasa. Tarehe 3 Machi 2009, katika Ghuba ya Aden, wanamaji wa Ujerumani waliwakamata Wasomali tisa waliotuhumiwa kuishambulia meli ya MV Courier. Wakakabidhiwa Kenya, wakashtakiwa.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya ilikuwa na vifungu viwili visivyopatana. Cha 69 kilikataza uharamia hata katika bahari kuu. Cha 5 kiliyawekea mamlaka ya mahakama mpaka: nchi kavu na maji ya pwani, ambayo hukoma maili 12 za baharini. Novemba 2010, Jaji Mohamed Ibrahim wa Mahakama Kuu alikifuata cha 5: mahakama za Kenya hazikuwa na mamlaka. Wahenga wangesema, fimbo ya mbali haiui nyoka.

Oktoba 2012, Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo. Uharamia, ilisema, ni jinai dhidi ya mataifa yote, hivyo taifa lolote laweza kumhukumu haramia aliye mikononi mwake. Zaidi ya miaka mitatu ilikuwa imepita tangu watu wale wakamatwe, na hoja ya rufani ilikuwa mlango wa mahakama, si hatia yao.

Mimi naiafiki rufani, lakini simlaumu Jaji Ibrahim. Mabaharia wanastahili ulinzi. Mshtakiwa naye anastahili sheria inayosema wazi mkono wake unafika wapi. Tanzania ilitambua hilo: mwaka 2010 Bunge liliirekebisha Kanuni ya Adhabu ili uharamia wa bahari kuu uhukumiwe hapa.

Ndiyo maana sisi wapenzi wa lugha tusidhani sheria ni shamba la wengine. Vifungu viwili vilivyoandikwa bila kusomwa pamoja vilitosha kuwaacha watu tisa wakielea, ingawa walikuwa nchi kavu.