Mfamasia katika tiba ya maumivu sugu

Maumivu sugu ni yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi 3: ya mgongo, magoti, mishipa ya fahamu, saratani au selimundu. Hutibiwa vizuri zaidi daktari, muuguzi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na mfamasia wanapofanya kazi kwa kushauriana. Mfamasia mara nyingi huchukuliwa kuwa muuzaji tu, na wanaolipia dhana hiyo ni wagonjwa, kwani ndiye aliye na nafasi nzuri kuliko wote ya kuziona dawa zao zote kwa pamoja.

Katika Cibitoke, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura katika tarafa ya Ntahangwa (usichanganywe na mji wa Cibitoke ulio karibu na mpaka wa Kongo), mtu anaweza kuandikiwa dawa kwenye kituo cha afya, akaandikiwa nyingine katika hospitali ya chuo kikuu iliyoko Kamenge, kisha akajinunulia za tatu dukani. Chukua mama mwenye presha anayeumwa magoti. Ana diklofenaki ya daktari, na ibuprofeni aliyoshauriwa na jirani. Majina ni tofauti lakini dawa ni za kundi moja: akizimeza pamoja hapati nafuu zaidi, ila anajiongezea hatari ya vidonda vya tumbo, presha kupanda na figo kudhurika. Mfamasia anayemwomba amwage juu ya kaunta vidonge vyote alivyonavyo atayaona hayo papo hapo, na simu moja kwa daktari inatosha kubadili tiba.

Kazi nyingine ni ya maneno. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, pamoja na ile iliyomo ndani ya dawa za mafua. Amitriptilini hutolewa kwa kipimo kidogo usiku kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu. Mgonjwa asipoelezwa, akisikia kwamba ni dawa ya sonona huiacha.

Kwa maumivu makali ya saratani, mfano mkubwa katika kanda hii ni Uganda. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, ilieneza morfini ya kunywa: unga wa morfini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa. Mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Hapo mfamasia ndiye anayesimamia uchanganyaji, anayeifungia kabatini, anayeandika daftarini kila chupa inayotoka, na anayehakikisha kwamba chupa haiondoki bila dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa morfini hufunga choo kwa karibu kila anayeitumia.