Mtoto Akisema, Asiulizwe na Kila Mtu: Somo Nililorudi Nalo Kutoka Turkana

Ndugu zangu wa Pwani, niliwahi kuhudumia kesi za watoto Turkana, nikizunguka Lodwar, Kaaleng kule kaskazini, na Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992. Nilidhani kuchunguza ni kuuliza sana. Kesi yangu ya kwanza ilinikosoa. Msichana wa miaka tisa alikuwa ameshaulizwa na jirani, mwalimu na mzee wa kijiji, kisha nami nikamuuliza tena. Kila aliporudia, maelezo yalibadilika kidogo. Wakili wa mshtakiwa hakuhitaji zaidi ya hapo.

Ndipo nikapelekwa mafunzoni. Haya ndiyo tuliyofunzwa:

Matibabu kwanza. Mtoto aliyenajisiwa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zina muda wake. Asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo zake zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Fomu ya P3 hutolewa na polisi, lakini matibabu hayaingojei.

Usimtilie maneno kinywani. "Ami yako alikugusa, sivyo?" ni swali la kumwongoza. Sema, "Hebu nieleze ilivyokuwa," kisha nyamaza. Baadaye, mtoto mmoja Kaaleng alikaa kimya karibu robo saa kabla ya kusema. Zamani ningalimkatiza.

Andika neno lake. Akitaja jambo kwa Kiturkana, liandike vivyo hivyo, ndipo utafsiri. Mkalimani asiwe jamaa, huenda akamlinda mtuhumiwa.

Usimwahidi siri. Mwambie utawaeleza wale tu wanaoweza kumsaidia.

Kule, wazee wengine humaliza mambo haya kwa fidia ya mifugo. Kwetu husemwa, "Tusitiri aibu." Iwe mbuzi au sitara, mtoto hubakia karibu na aliyemdhuru. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kuifuta kesi si wa familia wala wa wazee.

Kwa hivyo, mtoto wa jirani akikueleza jambo, msikilize, umwambie hana kosa, na usimhoji. Piga 116, ni bure, au nenda kwa afisa wa watoto au polisi. Maswali yaachie waliofunzwa kuyauliza.