Si kila samaki ni wa baharini: Mwongozo kwa ndugu zetu wa Kitui na Makueni

Mwaka jana niliingia katika hoteli moja mjini Wote, kaunti ya Makueni. Ubaoni paliandikwa kwamba kuna vyakula vya baharini. Mimi mtu wa Pwani, nikamuuliza mhudumu kama kuna kamba. Akacheka mpaka akashika meza. "Kamba tumejaa hapa mzee, lakini hatuliwi!" Nililetewa tilapia wa kukaanga na ugali. Alikuwa mtamu, lakini wa baharini hakuwa.

Tilapia ni samaki wa maji baridi, yaani ya ziwa, mto au bwawa. Omena wanaopimwa kwa mikebe sokoni Kitui na Wote wanatoka Ziwa Victoria. Kambare ni wa mito na mabwawa. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki sehemu nyingi za nchi, na wanaofugwa humo ni hao hao tilapia na kambare. Chakula cha baharini ni kile kinachotoka maji ya chumvi, awe samaki, mnyama mwingine au hata mmea.

Sisi huku tunavigawa hivi. Kwanza ni samaki wa mwambani: changu, tafi, chewa na pono. Pili ni samaki wa maji makuu: jodari, nguru, kolekole na sulisuli. Hapa waongeze vibua, ambao ni wadogo na bei yao ni nafuu. Tatu ni papa na taa, wasio na mifupa migumu. Nne ni wenye magamba na miguu mingi: kamba, kamba mawe na kaa wa mikoko. Tano ni pweza, ngisi, chaza na kome. Mwisho kuna mwani, unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, kaunti ya Kwale. Kasa na nguva waliliwa zamani, lakini leo wanalindwa na sheria. Ukiuziwa nyama yao, kataa.

Anayempikia mgeni Mwislamu ajue kwamba samaki hahitaji kuchinjwa. Waislamu wengi wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafii, nao hula kamba na pweza bila wasiwasi. Kaa ana khitilafu. Wafuasi wa Hanafi hujizuilia kwa samaki. Muulize mgeni kabla ya kuinjika sufuria.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike. Rafiki yangu wa Mutomo, kaunti ya Kitui, alikuja Mombasa kwa shughuli zake. Alipoaga, nilimpa zawadi ya vipande vya jodari. Nikavifunga kwa gazeti, nikatia kikapuni, akapanda basi la usiku. Nilimwambia, "Hata wakilegea kidogo, wakaange sana tu." Siku hizi barabara ya Kibwezi hadi Kitui ina lami, nikaona safari ni fupi.

Kesho yake jioni alinipigia simu. Watoto wawili nyuso zimekuwa nyekundu, wanawashwa mwili, vichwa vinawauma, wanatapika. Walipelekwa zahanati, wakapona. Lakini usiku ule sikulala, maana ushauri ulikuwa wangu.

Jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, vijidudu hugeuza nyama yao ikawa na sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Ukihisi ulimi unachomwa kama umetiwa pilipili, acha kula. Mtu akipata shida ya kupumua, mkimbize hospitali.

Kwa hivyo, samaki mbichi asafiri ndani ya barafu tangu anaponunuliwa hadi anapoingia jikoni. Asikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na kwenye jua la Kibwezi saa moja inatosha kumharibu. Huna barafu? Beba ng'onda. Papa aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa juani, ndiye samaki wa safari tangu enzi za mababu. Ukifika, mroweke maji kupunguza chumvi, mchemshe, kisha mpike kwa nazi. Ukikosa nazi, nyanya na vitunguu vinatosha.

Mambo mengine mawili. Asiyewahi kula kamba au kaa aanze na kidogo, kwa maana wapo watu ambao miili yao huvikataa, wakafura midomo na koo. Na samaki anayejivimbisha kama mpira, tunayemwita bunju, usimguse hata ukipewa bure. Sumu yake huua, na moto hauiwezi.

Wako watakaosema bahari iko mbali na Ukambani. Mto Athi unaopita kati ya Makueni na Kitui unaungana na Tsavo, ukaitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji yake kaskazini mwa Malindi. Katika mto huo kuna mikunga wanaozaliwa Bahari ya Hindi, wakapanda mto wakiwa wadogo, wakaishi huko miaka mingi kabla ya kurudi baharini kuzaa. Huyo anafika Ukambani mzima kwa nguvu zake mwenyewe. Wengine wote wanahitaji barafu au chumvi.

Rafiki yangu wa Mutomo alikuja tena mwezi uliopita. Nilimfungia papa ng'onda, kilo mbili. Alipofika alipiga simu, na safari hii aliyezungumza kwanza ni mtoto wake: "Babu, huyu ni mtamu, lete mwingine."