Rock and roll ni ya nani? Mzozo wa asili na wa kalamu

KILA wapenzi wa muziki wa zamani wakutanapo, swali hili halikosi kuzuka: rock and roll ni ya nani? Wapo wanaoapa kwamba ilianza na Elvis Presley mjini Memphis mwaka 1954. Wapo wanaomtaja Chuck Berry. Na wapo wanaokata maneno: ah, huo ni muziki wa watu weusi ulioibwa, basi! Kila jibu lina chembe ya ukweli, ila hakuna linalotosha.

Tuanze na jina, maadamu ukumbi huu ni wa lugha. Mtangazaji Alan Freed wa Cleveland ndiye aliyelivumisha redioni kuanzia mwaka 1951, na hadi leo utasikia eti ndiye aliyelibuni. Si kweli. Trixie Smith, mwimbaji mweusi wa blues, alirekodi mwaka 1922 wimbo ambao maneno hayo mawili yalikuwa tayari katika anwani yake. Miongoni mwa Wamarekani weusi, yalibeba maana mbili: kutikiswa na roho kanisani, na mapenzi ya faraghani. Freed aliyapachika tu kwenye muziki uliokuwa na jina jingine. Hadi mwaka 1949, jarida la Billboard liliuorodhesha chini ya anwani iliyobainisha kuwa ni rekodi za watu weusi. Baadaye likauita rhythm and blues. Jina jipya lilifuta alama ya rangi, na vijana wa kizungu wakaununua bila kusitasita.

Wanaoutafuta mzizi Afrika Magharibi hawajapotea njia. Banjo ilitokana na ala za nyuzi za huko. Vilevile, mtindo wa mwimbishaji kutoa sauti na umati kuitikia, ambao yeyote aliyewahi kuingia ngomani anaujua, ulivuka bahari pamoja na watumwa, ukahifadhiwa mashambani na makanisani. Mathalan, Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Arkansas, alikulia katika kanisa la aina hiyo. Alicharaza gitaa la umeme huku akiimba injili, na wimbo wake aliourekodi mwaka 1944, Strange Things Happening Every Day, huhesabiwa na baadhi ya wanahistoria kuwa rock and roll ya kwanza. Wengine huitaja Rocket 88 ya mwaka 1951, iliyotoka kwa jina la Jackie Brenston ingawa bendi ilikuwa ya Ike Turner.

Hata hivyo, damu ya muziki huu ni ya kuchanganyika. Chuck Berry aliijenga Maybellene ya mwaka 1955 juu ya Ida Red, wimbo wa kale wa fidla uliopendwa na wanamuziki weupe wa kantri. Nayo Hound Dog, aliyoirekodi Big Mama Thornton mwaka 1952, ilitungwa na vijana wawili Wayahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller. Hivyo, anayedai kuwa Elvis alimwibia Thornton wimbo alipouimba mwaka 1956 anakosea kisheria. Wimbo haukuwa wa Thornton.

Lakini hebu tuitazame sheria yenyewe. Hakimiliki ya Marekani wakati huo ililinda maneno na mahadhi. Haikulinda mdundo, wala mkwaruzo wa koo, wala namna ya kulitikisa gitaa. Rekodi zenyewe hazikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho hadi mwaka 1972. Kumbe yale ambayo wanamuziki weusi waliyachangia kwa wingi ndiyo hayakuwa na mwenyewe mbele ya hakimu! Na hata palipokuwa na karatasi, kalamu ilishikwa na wengine. Maybellene ilipotoka, Freed aliandikwa kuwa mtunzi mwenza ilhali hakuitunga, naye Berry akagawana mirabaha na mtu aliyemchezea wimbo redioni. Jina hilo halikuondolewa hadi mwaka 1986.

Kwa maoni yangu, mjadala huu hauishi kwa sababu tunayafumbata maswali mawili katika moja. Nani aliuumba muziki huu? Wengi, na walio wengi wao ni weusi. Nani alivuna? Hilo ni swali jingine, na ndilo linalouma.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tharpe alicheza kwao. Alifariki mwaka 1973, na kaburi lake huko Philadelphia likakaa miongo kadhaa bila jiwe lenye jina. Jumba la heshima la rock and roll, lililowaenzi Elvis na Berry katika kundi lake la kwanza mwaka 1986, lilimkumbuka mwaka 2018.