Anayedhibiti jengo ana deni la usalama kwa wageni

Mnunuzi akiteleza kwenye sakafu yenye maji dukani, au mtoto wa jirani akitumbukia katika shimo la majitaka lililoachwa wazi, wengi husema ni ajali tu na kumwachia Mungu. Sheria ya Kenya haiishii hapo. Huuliza mahali hapo palikuwa chini ya mamlaka ya nani, na huyo alichukua hatua gani kuzuia madhara.

Jibu limo katika Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayohusu dhima ya wanaodhibiti majengo na ardhi. Sheria hiyo iliiga ile ya Uingereza ya mwaka wa 1957.

Anayewajibika si lazima awe mwenye hatimiliki. Kinachotazamwa ni udhibiti. Mfanyabiashara aliyekodi chumba atajibu kuhusu sakafu ya duka lake, ilhali mwenye ploti atajibu kuhusu ngazi, veranda na ua unaotumiwa na wapangaji wote. Mwaka wa 1966 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba watu wawili au zaidi waweza kuwajibika kwa jengo moja kwa wakati mmoja.

Mgeni ni yeyote aliyealikwa au kuruhusiwa kuingia, awe mteja, jamaa au mwuzaji aliyebisha hodi akakaribishwa. Afisa anayeingia kwa mamlaka ya sheria huhesabiwa vivyo hivyo, hata kama mwenyeji hakufurahia ujio wake.

Wajibu wenyewe ni kuchukua tahadhari ya kadiri ili mgeni awe salama anapofanya lile lililomleta. Haitarajiwi kila hatari iondolewe. Muuza duka aliyepanguza maji mara yalipomwagika hawezi kulinganishwa na yule aliyeyaacha kutwa nzima.

Watoto wana nafasi ya pekee. Sheria inamtaka mwenyeji atarajie kwamba mtoto hana uangalifu wa mtu mzima, hivyo shimo ambalo mkubwa angelikwepa sharti lifunikwe. Kwa upande mwingine, fundi wa umeme anatarajiwa kuzijua hatari za kawaida za kazi yake na kujikinga nazo.

Je, kibandiko cha onyo kinatosha? Kinatosha tu iwapo kinamwezesha mgeni kuiepuka hatari. Kuandika "Tahadhari" kwenye ngazi ya pekee, iliyovunjika na isiyo na taa, hakumsaidii anayelazimika kuipanda. Hata hivyo, sheria inamruhusu mwenyeji kupunguza wajibu wake kwa makubaliano au kwa njia nyingine halali. Ndiyo maana yafaa kusoma masharti kabla ya kutia sahihi au kulipia tikiti.

Pale hatari ilipotokana na kazi mbovu ya mwanakandarasi, mwenyeji aweza kuepuka lawama akithibitisha kwamba alichagua mtu stadi na kukagua kazi hiyo kadiri ilivyowezekana.

Mgeni naye ana jukumu lake. Akichangia kuumia kwake kwa uzembe, mahakama hupunguza fidia kulingana na kiasi cha kosa lake. Kuumia peke yake hakuthibitishi dai; mlalamishi sharti aonyeshe kasoro iliyokuwapo na jinsi mshtakiwa alivyopuuza wajibu wake.

Ndiposa ushahidi wa mapema una thamani kubwa: picha za mahali penyewe kabla hapajakarabatiwa, majina ya walioshuhudia na stakabadhi za hospitali.

Muda nao hausubiri. Kwa kawaida, kesi ya utepetevu hufunguliwa katika miaka 3 tangu siku ya mkasa. Dhidi ya Serikali, muda ni miezi 12 pekee. Wapo wanaoendelea kuahidiwa na mwenye jengo kwamba mambo yatamalizwa nyumbani, na wanapomwendea wakili, mlango wa mahakama huwa umekwisha fungwa.