Mwanafalsafa wa Makunduchi Aliyejificha Nyuma ya Kiko

Mwaka 2025 riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ilitimiza miaka 65 tangu ichapwe. Ni kitabu kilichofungua njia ya riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili, na mwandishi wake ni mtoto wa Makunduchi. Umri huo ulistahili shughuli hapa Unguja: khitma ya kumrehemu mwandishi, mjadala wa jioni Mji Mkongwe, au hata kurasa chache kusomwa mbele ya wanafunzi. Mimi sikusikia chochote. Jina la Muhammed Said Abdulla linafifia kwao alikozaliwa, ilhali wazee wengi ambao hawajakishika kitabu chake kwa miaka bado wanamtaja mpelelezi wake Bwana Msa na kiko chake, swahibu yake Najum, na Inspekta Seif.

Tumezoea kumweka kwenye rafu ya fasihi pendwa, vitabu vya kupitishia wakati. Naona tumemdhulumu. Muhammed Said Abdulla alikuwa mwanafalsafa wa watu wa kawaida. Falsafa yake hakuisomea chuoni wala hakuipa jina. Aliitia ndani ya hadithi za mauaji na siri za nyumba, ili mchukuzi wa bandarini na mwalimu wa skuli waisome sawasawa: usiamini kwa sababu umeambiwa, uliza, angalia, linganisha, ndipo uhukumu.

Maisha yake yanasimulika kwa ufupi, na wasifu unaorudiwa katika vitabu vya historia ya fasihi hauna marefu. Alizaliwa Makunduchi tarehe 25 Aprili 1918, akasoma skuli ya misheni, akamaliza mwaka 1938. Akaajiriwa Idara ya Afya kama mkaguzi, yaani bwana afya. Mwaka 1948 aliingia katika uandishi wa habari akiwa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka kumi iliyofuata akawa mhariri msaidizi katika magazeti kadhaa, yakiwemo Al Falaq na Afrika Kwetu.

Ile miaka ya ubwana afya hupitiwa kwa nusu sentensi, na mimi nadhani ndiyo iliyomfunza. Bwana afya kazi yake ni kuingia uani kwa watu, kufunua mtungi, kutazama maji yaliyotuama, kuuliza nani kaumwa na tangu lini. Anakutana na mama anayeamini mtoto wake kapigwa jicho, naye ameshawaona viluwiluwi vya mbu ndani ya pipa. Hamkaripii. Anamwonyesha pipa. Ukimsoma Bwana Msa baadaye utamwona bwana afya yuleyule: mpole, mzungumzaji, macho yake yako kwenye kitu ambacho wenye nyumba wamekizoea hata hawakioni tena.

Magazeti nayo yalimpa funzo la pili, na hili lilikuwa chungu. Al Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu; Afrika Kwetu lilisimama upande wa pili, upande wa Waafrika waliokuja kuunda chama cha ASP. Mtu mmoja kufanya kazi katika yote mawili ni jambo ambalo leo tungelistaajabia. Mwaka 1954 Al Falaq lilishitakiwa na serikali ya Kiingereza kwa uchochezi, na viongozi wa Jumuiya wakafikishwa mahakamani pamoja na mhariri wake, Ahmed Lemki. Kuanzia uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 Unguja ikaingia katika ile miaka inayoitwa hadi leo zama za siasa. Mabaraza ya kahawa yaligawanyika, magazeti yakawa yanahesabiana nasaba: nani mwenyeji, nani mgeni, babu wa nani alishuka bandari gani. Uchaguzi wa Juni 1961 uliisha kwa fujo zilizoua watu 68.

Katikati ya kelele hizo, mtu huyu aliketi akaandika hadithi isiyo na chama. Aliipeleka kwenye mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau ya Nairobi, ikashinda zawadi ya kwanza. Mwaka 1960 ikatoka kitabu.

Mahali alipoiweka hadithi hiyo ndipo penye ujasiri. Mtu wa kusini mwa Unguja hahitaji kuelezwa mzimu ni nini. Ni pango au mti mkubwa wenye wenyewe, mahali pa kufukizia ubani, kufunga kitambaa na kuweka nadhiri, na mtu hapiti hapo akicheka. Muhammed Said Abdulla alizaliwa katika nchi hiyo ya mizimu, naye akaenda kuitupa maiti ya tajiri hapohapo mzimuni. Kila msomaji wa Unguja alijua watu watasema nini: wa kale wameghadhibika. Bwana Msa anakataa. Hautukani mzimu wala hawadharau wanaouheshimu, ila hakubali kuwa umeua mtu. Anawatafuta walio hai, wenye sababu zao na siri zao, na anawapata.

Hapa ndipo ulipozuka ugomvi ambao wahakiki hawajaumaliza. Elena Bertoncini, mtaalamu aliyefundisha Kiswahili Napoli, Italia, na ambaye kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu nathari na tamthilia za Kiswahili kimewalea wanafunzi wengi, anamweka Bwana Msa jirani na Sherlock Holmes. Si yeye peke yake. Ushahidi hauhitaji kutafutwa: Holmes ana kiko, Bwana Msa ana kiko, Holmes ana Watson, Bwana Msa ana Najum, Holmes humwacha nyuma polisi wa London, na Bwana Msa humwacha nyuma Seif. Kutokana na hapo wengine wamekwenda mbali zaidi, wakasema bwana huyu wa Unguja ni nakala ya Kiingereza iliyovishwa kanzu.

Nakubali ujirani. Unakala siukubali, na nitasema kwa nini.

Kwanza, Holmes huishi na rafiki mmoja kwenye vyumba vya kupanga. Hukaa peke yake na kemia yake, akatazama jivu la sigara na tope la viatu. Bwana Msa hufika kwenye ukweli kwa mazungumzo. Hukaa na watu, huwaacha waseme, husikiliza anayejigamba na anayenyamaza, huingia kwenye fumbo kwa fumbo jingine. Ni elimu ya barazani, ambako mtu hupimwa kwa anavyojibu na kwa anachokikwepa. Kumbi za namna hiyo hazikuwako Baker Street, mtaa wa Holmes.

Pili, kuna jambo ambalo wanaomfananisha na Holmes hawalitaji kabisa. Arthur Conan Doyle, aliyemwumba Holmes, mtu wa hoja na ushahidi, alizeeka akiamini mizimu. Alizunguka nchi nyingi akihubiri kwamba wafu huzungumza na walio hai kupitia waganga wa vikao. Mwaka 1922 alitoa kitabu kizima kutetea picha walizopiga wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, zikionyesha vijitu vyenye mabawa vikicheza bustanini. Miaka mingi baadaye wenyewe, wakiwa vikongwe, walikiri kuwa picha hizo zilikuwa za kubuni. Sasa weka mizani. Mzungu aliyelelewa kwenye mji wa vyuo na mahospitali, Edinburgh, aliishia kwenye mizimu. Mtoto wa Makunduchi, aliyezaliwa mizimu imemzunguka, alianzia hapo na akatoka. Huyu wa pili alisafiri umbali mkubwa zaidi kwa akili yake mwenyewe, na kumwita mwigaji ni kutoitazama safari hiyo.

Tatu, alirudia. Mwaka 1968 London ilichapa Kisima cha Giningi. Giningi katika masimulizi ya Unguja na Pemba ni mji wa wachawi, mahali ambapo mwenye kutajwa kuwa amekwenda huogopwa mpaka kufa kwake. Mwandishi alilichukua jina hilo la kutisha, akalibandika kwenye jalada la hadithi ya kuchunguza, akawaita wasomaji waje watazame. Mtu anayeiga tu haendi mara mbili kugusa kile ambacho jamii yake inakiogopa zaidi.

Baina ya kitabu cha kwanza na cha pili yalipita Mapinduzi ya Januari 1964. Yeye alikuwa kwenye Mkulima, gazeti la kilimo alilolihariri tangu 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968. Baada ya kustaafu kalamu ilikimbia: Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Humo mauaji yanapungua, na swali linalozidi kuchimbwa ni la nasaba: huyu ni mtoto wa nani, na wanaojidai kujua wamejuaje? Si bahati mbaya. Mtu aliyepitia meza za magazeti ya zama za siasa alijua watu wamefanyiana nini kwa kudai kujua asili za wenzao. Kitabu cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, kilitoka mwaka 1984. Shujaa aliyewasahihisha wote alitiwa kosa na mwandishi wake, tena waziwazi, kwenye jina la kitabu. Naliona hilo kuwa uungwana mkubwa wa fikra.

Wakati huo soko lilikuwa limeshachukuliwa na wengine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akamleta Willy Gamba na bastola yake katika miaka ya sabini. Vijana walipenda mbio na risasi. Mzee wa kiko akabaki na wasomaji wake wa zamani na wanafunzi wa fasihi. Muhammed Said Abdulla alifariki dunia mwaka 1991.

Miaka minne baadaye, mwaka 1995, hofu ya popobawa, jini linalosemwa huwavamia watu usiku, iliikumba Pemba na Unguja. Watu wazima walilala nje kwa makundi, na iliripotiwa kuwa mgonjwa wa akili asiye na hatia aliuawa na kundi la watu Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Visiwa vilivyomzaa Bwana Msa havikuwa na wa kusimama barazani kuuliza: nani kaona, kaona nini, na tunajuaje?

Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Unguja, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 tulifurahi, na tulikuwa na haki. Lakini fahari isiishie kwa aliyesifiwa ughaibuni. Makunduchi leo hupokea wageni wa Mwaka Kogwa kila Julai, na mgeni anaweza kuondoka bila kuambiwa kuwa hapa alizaliwa mtu aliyewafundisha Waswahili kufikiri kwa hadithi. Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wana uwezo wa kulirekebisha hili. Wavichape upya vitabu vyake vyote saba kwa bei ambayo mwanafunzi wa Makunduchi ataimudu, na wawatume vijana wao Nyaraka, pale Kilimani, wakayatafute aliyoyaandika magazetini kabla karatasi hazijaliwa na mchwa. Kazi hiyo ianze sasa, wangali hai wazee waliomsoma alipokuwa akiandika.