Maumivu ya Baada ya Kupona

Mjini Hamburg, Ujerumani, kwenye bustani ya hospitali ya St. Georg, kuna mnara wa jiwe uliozinduliwa mwaka 1936. Siku ya uzinduzi ulikuwa na majina 169. Ni majina ya madaktari, wanafizikia, wauguzi na mafundi wa maabara kutoka nchi mbalimbali, watu waliouawa na kazi yao ya eksirei na radiamu. Wengine walipoteza kidole, halafu kiganja, halafu mkono mzima, mwisho maisha. Majina mengine yaliongezwa baadaye.

Nimetazama picha za mnara huo mara nyingi na swali langu huwa lilelile: wagonjwa wako wapi? Kama fundi aliyesimama kando ya mashine aliumia hivyo, yule aliyelala chini yake je? Mnara haumtaji. Sidhani kuna mtu aliyekaa akaamua kumwacha nje. Nadhani mgonjwa alionekana tu kama mtu aliyekwisha kufaidika. Amepigwa mionzi, uvimbe umeisha, aende nyumbani akashukuru. Miaka mitatu baadaye bega likikaza kama ubao, hiyo ni stori nyingine.

Mimi nataka kusimulia hiyo stori nyingine, manake ina historia yake, na historia yenyewe haikuandikwa na madaktari peke yao.

Wilhelm Röntgen aligundua eksirei Novemba 1895. Miezi michache tu baadaye tayari watu walikuwa wanazielekeza kwenye uvimbe wa saratani, na tayari walikuwa wanaungua. Clarence Dally, fundi wa vioo kwenye maabara ya Thomas Edison kule Marekani, alikuwa na mazoea ya kuweka mkono wake mbele ya mashine kuona kama inafanya kazi. Alikatwa mikono yote miwili, akafa mwaka 1904, na Edison akaachana na eksirei kabisa. Paris, Henri Becquerel alitembea na kichupa cha radiamu kwenye mfuko wa kizibao, ngozi ya chini ya mfuko ikaungua. Pierre Curie yeye alijifunga radiamu mkononi makusudi, akakaa akikihesabia siku kidonda kilichotokea. Wawili hao wakachapisha habari zao mwaka 1901. Madaktari wakaona mantiki: kinachoweza kuua ngozi nzima kinaweza pia kuua uvimbe.

Na walikuwa sahihi. Nisije nikaeleweka vibaya hapa. Mionzi imewaponya watu wasiohesabika, na mtu akiandikiwa leo, mimi siye wa kumwambia akatae.

Lakini angalia: majeraha yote hayo yalionekana kwa macho. Ngozi nyekundu, malengelenge, kidonda. Jeraha lililochelewa kueleweka ni lile linalojificha na kutokea wakati kila mtu ameshasahau mashine.

Ukijikata kwa kisu, kuna seli ambazo kazi yake ni kushona. Zinatoa nyuzi za kolajeni, zinavuta kingo za jeraha, zinaacha kovu, halafu zinatulia. Baada ya mionzi, baadhi ya seli hizo hazipati amri ya kutulia. Zinaendelea kushona mwezi baada ya mwezi, wakati mishipa midogo ya damu nayo inasinyaa na nyama inakosa hewa safi. Nyama iliyokuwa laini inakuwa ngumu, ngozi inagandana na msuli, msuli unagandana na mbavu. Madaktari wanaiita faibrosisi. Inaweza kuanza miezi michache baada ya matibabu, inaweza kungoja miaka. Ikiubana mshipa wa fahamu, mtu anasikia moto, ganzi, au sindano zinazotembea hadi kwenye vidole. Aliyetibiwa titi hukazwa bega na kifua. Aliyetibiwa koo au mdomo hukazwa shingo na taya, mpaka kijiko kinapita kwa shida. Waliotibiwa mlango wa kizazi hukazwa sehemu ambazo kwetu hata kuzitaja kwa daktari ni mtihani.

Shangazi yangu alitibiwa titi. Alipomaliza tulipika pilau, majirani wakaja. Mwaka na nusu baadaye hakuweza kufikia rafu ya vikombe, wala kushika chuma cha juu kwenye matatu. Kule kliniki akaambiwa ni umri. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Jioni hiyo aliniuliza, "Sasa kama nimepona, huu mkono ni wa nani?" Kuanzia hapo nikaanza kusoma. Sijasomea udaktari wala sheria, na chuo chenyewe sikukimaliza, lakini muda ninao na kusoma najua.

Kumbe swali lake ni la zamani. Katika miaka ya 1910 na 1920, Claudius Regaud wa Taasisi ya Radiamu ya Paris alifanya majaribio kwenye korodani za wanyama. Dozi moja kubwa ya kuwafanya tasa iliharibu ngozi vibaya sana, lakini alipoigawa dozi kwa siku nyingi, lengo lilifikiwa na ngozi ikasalimika. Mwenzake Henri Coutard akaitumia busara hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya koo: kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu hadi leo mgonjwa anaambiwa arudi kila siku. Kila siku anayorudi, nyama nzima imepewa nafasi ya kujirekebisha.

Halafu ikaja Berkeley, California. Kuanzia mwaka 1938 daktari Robert Stone alitibu wagonjwa zaidi ya 200 kwa mionzi ya nyutroni, teknolojia mpya kabisa wakati huo. Dozi ilipimwa kwa kuangalia jinsi ngozi inavyobadilika katika wiki za kwanza. Ngozi ikivumilia, basi, dozi iko sawa. Baadaye wale waliobaki hai wakaanza kukaza, kuoza na kuumia kupita kiasi. Mwaka 1948 Stone alisimama mbele ya wenzake akasema madhara ya baadaye ni makubwa mno yakilinganishwa na manufaa machache, na kwamba matibabu hayo yasiendelee. Namheshimu kwa hilo. Wangapi husimama kusema hivyo kuhusu kazi yao wenyewe? Na somo lake lilikuwa zito: wiki za kwanza hazikuambii mwaka wa tatu utakuwaje. Ngozi inaweza kukuchekea leo huku chini yake kitu kingine kinaanza.

Wanasayansi walijifunza hivyo kwa vipimo. Kumwambia mgonjwa kulihitaji kesi mahakamani.

Irma Natanson aliishi Wichita, jimbo la Kansas. Mwaka 1955 alikatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, halafu akapelekwa kwenye mashine ya kobalti ili kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kobalti ilikuwa ngeni, watu waliisifu sana. Ilimchoma ngozi, gegedu na mbavu za upande ule, akafanyiwa upasuaji na kupandikizwa ngozi. Akamshtaki daktari, John Kline, pamoja na hospitali. Baraza la wazee wa mahakama likawapa ushindi washtakiwa. Akakata rufaa, na mwaka 1960 Mahakama ya Juu ya Kansas ikasema kesi isikilizwe upya. Jaji Alfred Schroeder aliandika kwamba daktari ana wajibu wa kumweleza mgonjwa, kwa lugha rahisi kadiri inavyohitajika, ugonjwa wake ni upi, matibabu ni yapi, kuna njia gani nyingine, na nini kinaweza kwenda vibaya.

Soma hiyo tena. Kabla ya hapo, mwanamke angeweza kulazwa chini ya kobalti bila mtu kumwambia kwamba mbavu zake ziko hatarini, na sheria isione shida yoyote. Kesi ya Natanson ni mojawapo ya misingi ya ile karatasi ya ridhaa tunayosaini haraka haraka kwenye meza ya hospitali. Kuna kasoro moja lakini. Mahakama iliacha kipimo cha kiasi gani kielezwe mikononi mwa desturi ya madaktari wenyewe. Mwenye siri ndiye akapewa kupima siri yake.

Uingereza nao walikuwa na lao. Wanawake waliotibiwa saratani ya titi katika miaka ya 1970 na 1980 walianza kupoteza nguvu za mkono. Vidole vikafa ganzi, mkono ukaning'inia, maumivu yakakataa dawa. Kila mmoja alikuwa nyumbani kwake akidhani ni yeye peke yake. Mwaka 1991 wakaunda kikundi wakakiita RAGE, jina ambalo kwa Kiingereza linamaanisha hasira kali. Walitaka wahesabiwe. Wakapiga kelele kwenye magazeti na bungeni mpaka chuo cha kitaaluma cha madaktari wa mionzi kikaagiza uchunguzi, na ripoti ikatoka mwaka 1995. Jambo moja lililojitokeza linauma kwa udogo wake: kwingine mgonjwa alisogezwa mkao kati ya eneo moja la mionzi na lingine. Ukimsogeza, maeneo hayo yanapandana, na pale yanapopandana kuna mshipa wa fahamu unaolishwa mara mbili. Mkao tu.

Mimi naamini wanawake hao walibadilisha maswali yanayoulizwa katika utafiti. Mwaka 1999 Uingereza ilianza majaribio yaliyoitwa START, yenye wanawake zaidi ya 4,400. Safari hii haikuulizwa tu kama saratani imerudi. Titi lilipigwa picha kabla na baada, na wanawake wenyewe walijaza majibu kuhusu bega, ugumu na maumivu, mwaka hadi mwaka. Katika mojawapo ya majaribio hayo mawili, Grei 50 kwa siku 25 zililinganishwa na Grei 40 kwa siku 15. Dozi ya siku ilipanda kidogo, lakini jumla ikashushwa vya kutosha, jambo ambalo zamani halikufanywa kwa hesabu nzuri. Matokeo ya miaka kumi yalitoka 2013: saratani ilidhibitiwa vilevile, na madhara ya baadaye yalikuwa machache kwa wale wa wiki tatu. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa hukohuko ukaonyesha hata siku tano zinaweza kutosha kwa wagonjwa wengi wa titi.

Kwetu hesabu hiyo si ya anasa. Kwa miaka mingi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine ya mionzi. Uganda mashine yao pekee iliharibika kabisa mwaka 2016. Mtu wa Lodwar anayekuja Nairobi kwa wiki tatu badala ya tano amepunguziwa wiki mbili za kulala kwa watu.

Na kwa aliyekwisha kukaza? Hapa historia ni ya matumaini yaliyovunjwa vunjwa. Paris, daktari Sylvie Delanian alijaribu dawa ya mzunguko wa damu, pentoksifilini, pamoja na vitamini E. Utafiti wake wa 2003 wa wanawake 24 ulionyesha eneo gumu likipungua, na watu wakafurahi. Mwaka uliofuata utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 68 haukuona tofauti. Chumba cha oksijeni ya presha nacho kimesifiwa sana kisha kikashindwa kutimiza ahadi kwenye majaribio kadhaa. Hadi leo hakuna kidonge kinachoyeyusha kovu hili. Ukiuziwa mafuta ya kuliyeyusha, umeuziwa mafuta.

Kinachosaidia hakina mvuto wa kuandikwa kwenye bango. Kunyoosha, kila siku, mapema kabla nyama haijaganda, na kuendelea hata baada ya miaka. Mtu wa fizio atakuonyesha kusimama ukitazama ukuta na kupandisha vidole polepole kama buibui mpaka unaposikia mvuto, si maumivu makali. Kwa taya, rula ya shule inatosha kupima: mdomo ukifunguka chini ya milimita 35, umebanwa. Kuna wanaotumia vile vijiti bapa vya kuangalizia koo, wanavipanga kati ya meno, wanaongeza kimoja baada ya siku kadhaa. Maumivu ya mshipa wa fahamu yana dawa zake, amitriptilini au gabapentini, ambazo si sawa na paracetamol na lazima daktari aziandike. Na uvimbe mpya, au mkono unaopoteza nguvu ghafla, usiuite kovu mpaka upimwe, kwa sababu saratani iliyorudi inaweza kujifanya kovu.

Shangazi alipata fizio mwishowe, kwa kuambiwa na mgonjwa mwenzake kwenye foleni. Ukutani jikoni ana alama za penseli, na ya juu kabisa imepita swichi ya taa. Rafu bado. Mwezi uliopita alinionyesha fomu yake ya kliniki: uzito, presha, uvimbe upo au haupo, tarehe ya kurudi. Hakuna mstari wa bega. Ameuongeza mwenyewe pembeni kwa kalamu ya buluu, na kila anaporudi anaandika sentimita.